Lifti Isiyosimama Ghorofa ya Chini

Saa 1:40 asubuhi. Lifti inashuka kutoka ghorofa ya 31. Inasimama ya 24, wanaingia wawili. Inasimama ya 17, anaingia mmoja huku akipapasa funguo mfukoni. Namba zinateremka juu ya mlango: 8, 7, 6. Ghorofa ya 5 mlango unafunguka na wote wanatoka. Lifti inabaki tupu, inapanda tena.

Hakuna aliyebonyeza ghorofa ya chini.

Ghorofa ya 5 ni maegesho. Kuanzia ya 2 hadi ya 7, zote ni za magari. Na kule chini, mita mia mbili kutoka mlango mkuu, kuna kituo cha treni. Kwenye makabrasha ya mradi jengo liliombewa kibali likitajwa kuwa jirani na usafiri wa umma. Si uongo. Ukipima kwa rula, kituo kipo palepale.

Jengo hili sijalitaja jina kwa sababu liko katika kila mji uliotapakaa na kuzoea gari. Limenisumbua kwa wiki kadhaa kwa sababu linakejeli imani moja niliyokuwa nayo: jenga maghorofa karibu na kituo, treni itajaa yenyewe. Maghorofa yamejengwa. Treni inapita na viti vitupu.

## Nafasi moja ya gari

Tuanze na vipimo, maana ndivyo vinavyoamua mengi kabla ya mtu yeyote kuhamia.

Gari moja huhitaji mstatili wa mita 2.5 kwa 5, yaani mita za mraba 12.5. Lakini gari haliingii kwa kuruka. Linahitaji njia ya kupita yenye upana wa mita 6 hivi, mteremko wa kupandia, nguzo za kukwepa na kona za kugeuzia. Ukijumlisha vyote, kila nafasi inakula mita za mraba 25 hadi 33 za sakafu.

Sasa chukua jengo letu: ghorofa 40 za makazi, nyumba nane kila ghorofa, jumla nyumba 320. Kanuni ikitaka nafasi moja na nusu kwa kila nyumba, hizo ni nafasi 480. Zidisha kwa mita 30: mita za mraba 14,400. Kiwanja kikiruhusu kitako cha mita 60 kwa 40, unapata ghorofa sita kamili za magari kabla ya kitanda cha kwanza.

Kwa lugha nyingine, nyumba ya mita za mraba 70 inafuatwa na banda la mita 45.

Ubaya hauishii kwenye eneo. Magari matatu yanayokaa kati ya nguzo mbili yanataka mwanya wa mita 8 na kidogo. Nguzo hizo hupanda hadi juu, kwa hiyo ukuta wa chumba cha kulala ghorofa ya 20 unasimama mahali palipochaguliwa na gari. Mhandisi asipotaka hivyo, itabidi amwage boriti nene katikati ya jengo ili kuhamisha uzito kutoka nguzo za juu kwenda za chini, na zege la kazi hiyo si la mchezo.

Kisha njoo chini, pale jengo linapokutana na barabara. Mlango wa magari kuingia. Mlango wa magari kutoka. Chumba cha transfoma, ambacho kampuni ya umeme inataka kukifikia kutoka nje. Chumba cha taka. Pampu za zimamoto. Mahali pa malori kushusha mizigo. Ukimaliza kupanga hivyo vyote, upande unaotazama kituo unabaki na mapokezi yenye kioo na ukuta mtupu wa mita hamsini. Mtu anayetembea pale hapati duka, hapati kivuli, hakutani na mtu, na kila baada ya hatua chache anasimama kupisha gari linalochomoza.

Ndiyo maana lifti haisimami chini. Hakuna cha kufuata.

## Jiji lililohesabu theluthi ya gari

Houston, Texas, inasifika kwa kutokuwa na sheria ya kugawa mji katika kanda za matumizi ya ardhi. Kiwanda, nyumba na ofisi vinaweza kukaa ubavu kwa ubavu. Anayesikia hilo hudhani mjenzi pale yuko huru kabisa. Lakini kanuni za maegesho zimekuwapo: nafasi 1.25 kwa nyumba ya chumba kimoja kisichogawanywa, 1.33 kwa nyumba yenye chumba kimoja cha kulala, 1.66 kwa vyumba viwili, na 2 kuanzia vitatu.

Jiji lisilotaka kumwambia mtu ajenge nini lilimwambia ajenge theluthi ya gari.

Katikati ya jiji palisamehewa, na mwaka 2019 msamaha huo ukapanuliwa hadi mtaa wa Midtown na eneo la mashariki mwa kitovu. California ilikwenda mbali zaidi: tangu Januari 2023 sheria ya jimbo hairuhusu serikali za mitaa, isipokuwa kwa masharti machache, kulazimisha maegesho kwenye majengo yaliyo ndani ya nusu maili, kama mita 800, kutoka kituo kikubwa cha usafiri wa umma. London ilikuwa imeshageuza mantiki yenyewe mwaka 2004, kutoka kiwango cha chini hadi kiwango cha juu kisichopaswa kupitwa.

Nilidhani hapo ndipo fundo lilipo. Kata kanuni, maegesho yatayeyuka.

Hayayeyuki. Mkopeshaji anauliza majengo ya jirani yana nafasi ngapi. Dalali anasema nyumba isiyo na nafasi ya gari haitauzika. Mwekezaji, ambaye anataka kuuza na kuondoka, hana sababu ya kuwa wa kwanza kujaribu. Kanuni inafutwa Jumatatu, na michoro ya Jumanne inatoka na ghorofa sita zilezile, labda tano. Kinachopunguza kwa uhakika ni kuitenga bei ya nafasi ya gari na bei ya nyumba, ili asiyeitaka asiilipie. Hapo ndipo watu huanza kujiuliza kama gari la pili lina kazi.

## Kwenye kizuizi, saa mbili kasoro

Rudi kwenye zile nafasi 480. Tuseme nusu ya magari, 240, yanatoka ndani ya saa moja yenye msongamano. Kwa kizuizi cha mlangoni si taabu. Taabu inaanza kwenye taa za barabarani.

Njia moja ya barabara ikiwa na taa ya kijani muda wote hupitisha kama magari 1,800 kwa saa. Lakini taa haiwi kijani muda wote. Ikipata asilimia 40 ya mzunguko, yanapita 720. Jengo letu moja limekula theluthi ya njia hiyo. Weka majengo kumi ya aina hiyo kuzunguka kituo na unahitaji njia tatu na ushee zisizotumiwa na mtu mwingine yeyote. Zaidi ya hapo, njia hizo tayari zina watu wa vitongoji vya mbali.

Ndani ya magari hayo 2,400, kwa wastani wa mtu mmoja na kidogo kila gari, kuna watu wapatao 2,900. Basi refu lenye kiungo katikati hubeba kama watu 100. Mabasi 29 kwa saa, yaani moja kila baada ya dakika mbili, yanawabeba wote kwenye njia moja.

Hesabu ni rahisi kiasi cha kuudhi. Kwa nini basi watu hawaifuati?

Kwa sababu hakuna anayesafiri akiwa kundi la 2,900. Kila mtu anajilinganisha yeye na basi lililokwama kwenye foleni ileile, ambalo juu ya kukwama linasimama kila mita 250 na halijulikani litafika lini. Ukiwa utakwama tu, unakwama kwenye kiti chako, redio yako ikiimba.

## Kilichonitikisa kuhusu Los Angeles

Muda mrefu nimetumia maneno "mji uliotapakaa" nikimaanisha mji wenye watu wachache kwa eneo. Los Angeles imenilazimisha kuyafikiria upya.

Kwa sensa ya Marekani ya 2010, eneo la kimji la Los Angeles, pamoja na vitongoji vyake, lilikuwa na zaidi ya watu 2,600 kwa kilomita ya mraba. Lile la New York lilikuwa na takribani 2,050. Mji unaotajwa kila siku kama mfano wa gari na barabara kuu ndio uliokuwa na watu wengi zaidi kwa eneo.

Siri iko kwenye mgawanyo. New York ina kitovu kilichoshindiliwa, kisha vitongoji vyembamba vinavyokwenda mbali. Los Angeles ni kama mahindi yaliyomwagwa shambani bila mistari: mengi, sawasawa kila mahali. Watu wanatosha kuziba barabara zote, ila hawajakusanyika mahali pamoja kiasi cha kujaza treni.

Na mfuatano wa matukio uliumiza. Hadi mwaka 1957 majengo ya jiji hilo yalibanwa yasizidi futi 150, kama mita 46. Jengo la halmashauri la mwaka 1928 lilipewa ruhusa ya pekee kupita hapo. Miaka michache tu baada ya kizuizi kuondolewa, mwaka 1963, tramu ya mwisho ya mtandao wa zamani iliondolewa barabarani. Yaani reli ziling'olewa wakati uleule minara ilipoanza kuruhusiwa. Sehemu ya kwanza ya treni ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1993, na kufikia hapo minara ilikuwa imeshapanga maisha yake na barabara kuu.

Ghorofa refu, basi, halijibu swali lenyewe. Swali ni limesimama wapi, na kuna nini kati ya mlango wake na behewa.

## Mita 800 za nani?

Wapangaji hupenda kuchora duara la mita 800 kuzunguka kituo na kulipaka rangi. Ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, hekta kama 200. Lakini duara huchorwa na ndege. Mtu hupita barabarani.

Pima kuvuka barabara moja tu ya njia nane. Kila njia mita 3.3, ukingo wa kati mita 3: karibu mita 30. Kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, sekunde 25 za kutembea. Shida ni kusubiri. Mzunguko wa taa kwenye makutano makubwa hufika dakika mbili, na mara nyingi mtembea kwa miguu anavushwa kwa awamu mbili, asimame ukingo wa kati asubiri tena. Ukikosa taa mara mbili, dakika tatu zimekwisha. Hizo ni sawa na kusogeza kituo mita 200 mbali zaidi.

Kuna mfano ninaourudia kila mara kwa kuwa pande zake mbili ni majirani, jimbo moja la Virginia, mtandao mmoja wa treni wa Washington.

Arlington ilikuwa na nafasi ya kupata reli katikati ya barabara kuu ya magari, ambako ingekuwa rahisi kujenga. Wenyeji na wapangaji wao wakasisitiza ipite chini ya mtaa wa zamani wa maduka. Mwaka 1979 treni ilifika kituo cha Ballston, na kutoka kituo cha Rosslyn hadi hapo, vyote viwili vikihesabiwa, kuna vituo vitano katika kilomita kama nne. Majengo marefu yaliruhusiwa kubanana mlangoni mwa vituo, kisha urefu ukashuka haraka, hadi nyumba za familia moja zenye bustani, umbali mfupi tu. Vitalu ni vidogo. Mtu ana njia tatu nne za kufika kituoni.

Tysons, kilomita kama kumi mbele, ilipata vituo vinne mwaka 2014. Huko treni ilikuta mji umeshajengwa kwa ajili ya gari: maduka makubwa, ofisi katikati ya maegesho, barabara pana, vitalu vikubwa kiasi kwamba ofisi unayoiona dirishani mwa treni inaweza kuwa safari ya robo saa. Minara imeota tangu hapo, na mitaa midogo inakatwa polepole ndani ya vitalu. Kazi hiyo ya pili ndiyo ngumu, kwa kuwa kila mtaa mpya unapita kwenye kiwanja cha mtu.

Dubai ilijibu kwa madaraja. Treni iliyofunguliwa Septemba 2009 inafuata barabara kuu ya Sheikh Zayed Road, na vituo vimefungwa pande zote mbili kwa madaraja yenye viyoyozi. Bila hayo barabara ile isingevukika kwa miguu. Daraja linakufikisha ng'ambo. Kutoka ngazi ya daraja hadi mnara wa tatu nyuma, ni wewe na jua.

## Lakini Toronto

Nilikuwa karibu kuhitimisha kwamba mwendo wa miguu ndio kila kitu. Kisha nikakumbuka Toronto, na hapo nikasita.

Miaka ya 1960 na 1970 Toronto ilijenga minara mingi ya nyumba nje kabisa ya kitovu, imesimama kwenye nyasi, mbali na reli, kando ya barabara pana. Kwa kila kipimo nilichotaja, ni makosa. Hata hivyo mabasi ya barabara hizo hujaa, kwa sababu yanakuja mfululizo na yanaingia moja kwa moja ndani ya vituo vya treni, abiria akibadilisha bila kulipa tena.

Yaani kuja mara kwa mara kunaweza kuokoa hata mji uliopangwa vibaya. Na kuja mara kwa mara, tofauti na minara, si lazima kusubiri miaka kumi. Houston hiyohiyo ilibadilisha mtandao wake wa mabasi kwa mkupuo mmoja Agosti 2015: njia nyingi za kuzungukazunguka zikanyooshwa, na zile kuu zikapewa basi kila dakika 15 au chini ya hapo, Jumapili ikiwemo.

## Madereva walewale 14

Hesabu ya basi ndiyo ninayotamani kila diwani aifanye kwa mkono wake kabla ya kupiga kura kuhusu njia maalumu ya mabasi.

Njia ina urefu wa kilomita 15. Basi, likiwa kwenye foleni, linakwenda wastani wa kilomita 15 kwa saa. Kwenda saa moja, kurudi saa moja, ongeza dakika 20 za dereva kupumua na kufidia ucheleweshaji: dakika 140. Ukitaka basi kila dakika 10, unahitaji mabasi 14.

Sasa chukua njia moja ya magari uipe basi. Sogeza vituo kutoka kila mita 250 hadi 400. Ruhusu watu kupanda kwa milango yote, nauli ikiwa imelipwa kabla. Wastani ukipanda hadi kilomita 20 tu kwa saa, mzunguko unashuka hadi dakika 90, pamoja na 15 za mapumziko: 105.

Mabasi 14 yaleyale, madereva walewale, sasa yanapita kila dakika 7 na nusu.

Hakuna aliyeajiriwa. Hakuna basi lililonunuliwa. Mafuta yaliyokuwa yakiungua kwenye foleni yamegeuka huduma. Na kinyume chake pia ni kweli, jambo linalosahaulika minara inapofunguliwa: magari 240 mapya kwenye makutano yakishusha mwendo wa basi kutoka 15 hadi 12 kwa saa, mzunguko unafika dakika 170 na lile basi la dakika 10 linakuwa la dakika 12, hata kama bajeti haikuguswa. Jengo lililouzwa kwa jina la usafiri wa umma limeudhoofisha.

Curitiba, Brazili, iliona hili mapema. Mabasi yake ya haraka yalianza mwaka 1974 kwenye mihimili iliyopangwa pamoja na ruhusa za ujenzi. Katikati ya mhimili kuna njia mbili za basi pekee, na pembeni njia za polepole za kufikia maduka. Magari yenye haraka yalisukumwa mtaa mmoja upande huu na mmoja upande ule. Ghorofa ndefu ziliruhusiwa kufuata mhimili huo, na ukiruka mitaa michache majengo yanainama tena. Mwaka 1991 vikaja vile vituo vya bomba la kioo, unalipa kabla na kupanda bila ngazi. Wakazi wa Curitiba wana magari mengi, hilo lisifichwe. Lakini ukitazama mji ule kwa mbali, mistari ya minara inakuonyesha basi linapopita.

## Mwezi wa kwanza

Kinachobaki kunikera ni ratiba.

Watu hawabadilishi namna ya kusafiri ovyo. Hubadilisha wanapohama nyumba au kazi. Wiki hizo chache kila kitu kiko wazi. Jengo la nyumba 320 likijaa leo, na njia ya basi ikaahidiwa baada ya miaka mitatu, familia zitakuwa zimeshanunua gari, zimeshachagua shule iliyo upande usiofikika na treni. Basi litakapokuja litakuta maamuzi yameshafanywa. Kisha mtu atahesabu abiria na kusema, mnaona, hawalitaki.

Ningependa kibali cha kuhamia kifungamane na siku basi linapoanza kupita kila dakika 10, si na siku ahadi iliposainiwa. Najua mwekezaji atasema hawezi kuisubiri mamlaka ya usafiri, na mamlaka itasema haiwezi kupeleka basi kwa watu ambao bado hawapo. Wote wawili watakuwa na hoja.

Wakati huo wasanifu wachache wameanza kufanya jambo moja dogo kwenye michoro. Maegesho ya kawaida hujengwa kwa sakafu zinazoinama, gari lipande likiwa linatafuta nafasi, na dari hukaa chini, mita mbili na nusu hivi. Sakafu ya namna hiyo haitakuwa chochote kingine, kiti kitateleza. Hawa wanaitandaza tambarare, wanaacha mita tatu na nusu hadi sakafu ya juu, wanatoboa mapema matundu ya maji machafu, na mteremko wa magari wanaujenga pembeni, umefungwa kwa jengo kwa viungio vinavyoweza kukatwa.

Ghorofa ya 5 kwenye mchoro huo imeandikwa maegesho. Chini ya neno hilo, kwa mistari ya nukta, zimechorwa nyumba tisa.